Namtwika Bwana fadhaa zangu, na bado usiku silali

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 43, mkazi wa Kitangiri hapa Mwanza, na kwa miaka kumi na mmoja sasa nimelea familia yangu kwa biashara ya dagaa. Hununua dagaa wabichi alfajiri mitumbwi inapotia nanga, nikawaanika, na wakishakauka nikawapeleka Mwaloni Kirumba, ambako huuzwa kwa gunia kwa wafanyabiashara wanaotoka hata Kongo na Burundi. Ni kazi inayochosha, lakini sikuwahi kuilalamikia, kwa kuwa mume wangu naye alikuwa fundi wa mashine za mitumbwi, na maisha tulikuwa tunayasukuma wawili.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana mume wangu alianguka akiwa kazini. Hospitali walituambia kwamba ni kiharusi, na kwamba shinikizo la damu lilikuwa limempanda kwa muda mrefu bila yeye kujua. Alirudi nyumbani akiwa hai, namshukuru Mungu, ila mkono na mguu wa kulia havimtii, na maneno yanamtoka moja moja kama mtu anayepapasa kitu gizani. Nikaona nijitutumue. Nikakopa shilingi milioni mbili na nusu, nikanunua dagaa wengi kuliko nilivyowahi kununua, na wiki hiyohiyo mvua za masika zikanyesha siku nne mfululizo. Dagaa wa kujaza magunia 18 waliniozea kwenye vichanja, na waliosalia niliwauza kwa bei ya chakula cha kuku. Marejesho ni kila Jumatatu. Walionikopesha ni wale ambao watu huwaita kausha damu, nami sasa nimeelewa kwa nini jina hilo limewakaa.

Mama, mimi nimeokoka tangu mwaka 2004, na kanisani kwetu ni mwanakwaya wa sauti ya pili. Baada ya matatizo haya jirani alinipeleka mahali pa maombezi ambapo kuna mikesha ya Jumanne na Ijumaa, inayoanza saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, na mimi saa kumi na moja natakiwa niwe ufukoni. Mtumishi wa pale aliniambia kwamba mlango wangu haujafunguka kwa sababu imani yangu ni ndogo, nikatoa shilingi laki mbili kama sadaka ya mbegu, nazo zilikuwa fedha za marejesho. Wiki mbili zilizopita akaniambia kwamba vidonge vya presha anavyomeza mume wangu ni sawa na kutelemka Misri kuomba msaada, na kwamba nikiviacha ndipo Mungu atapata nafasi. Sijaviacha, lakini kila jioni nikishika kile kidonge mkono unatetemeka, nikijiuliza kama ni mimi ninayemzuilia mume wangu uponyaji.

Siku ambazo hakuna mkesha nalala nyumbani, ila kulala ni jina tu. Nasikiliza pumzi ya mume wangu, nahesabu Jumatatu zilizobaki, namwazia binti yetu aliye kidato cha tatu, mpaka majogoo wanawika. Mathayo 11:28 nimeikariri, na ukurasa wake katika Biblia yangu umeshaachia. Wanawake wenzangu huniambia, “Mtwike Bwana fadhaa zako,” nami namtwika, lakini kukipambazuka nazikuta zimerudi palepale kichwani. Tena kuna usiku nimemwomba Mungu nilale nisiamke, kisha nikaona haya, kwa kuwa nani angemgeuza mume wangu kitandani?

Naomba unijibu bila kunificha. Je, mimi sina imani? Na hiyo raha ambayo Yesu aliwaahidi waliolemewa na mizigo, inapatikana wapi?

Mlemewa, Kitangiri


MAJIBU

Marahaba, mayu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla sijafika kwenye swali lako la raha kuna mambo mawili yasiyoweza kungoja.

La kwanza ni kidonge. Jioni hii mpe mzee wako dawa yake kama daktari alivyoandika, na kesho vilevile, na mkono usitetemeke. Huyo mtumishi ameliokota neno la Misri katika Isaya 31, mahali ambapo nabii anawakemea viongozi wa Yuda waliotelemka Misri kutafuta farasi na magari ya vita, wakati majeshi ya Ashuru yalipokuwa yakiwatisha. Hakuna mgonjwa wala dawa katika sura ile. Angesoma sura saba mbele angemkuta Isaya huyohuyo kwa mfalme Hezekia aliyekuwa mgonjwa wa kufa, Mungu ameshamwahidi mfalme miaka 15 zaidi ya kuishi, na nabii bado anaagiza uletwe mkate wa tini ubandikwe juu ya jipu. Ahadi ilitolewa na dawa ikabandikwa, wala Isaya hakuona kwamba kimoja kinakinyima kingine nafasi. Paulo naye alikuwa na Luka karibu yake, ambaye katika Wakolosai 4:14 anamwita tabibu mpendwa. Mgonjwa wa kiharusi akiachishwa dawa ya shinikizo la damu anawekwa katika hatari ya kupigwa na kiharusi cha pili, na siku hiyo ikifika atakayekaa matanga ni wewe na binti yako. Nasema kwa ukali kwa sababu matanga ya namna hiyo nimewahi kuyakaa, na maelezo ya mtumishi siku ya mazishi yalikuwa mafupi sana.

La pili ni ule usiku ulioomba usiamke. Usione haya kwa kuliandika, umefanya vema. Katika 1 Wafalme 19 nabii Eliya, ambaye muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa ameomba moto ukashuka mlimani Karmeli, alikaa chini ya mti jangwani akasema, “Yatosha,” akamwomba Mungu aiondoe roho yake. Angalia jinsi alivyojibiwa. Alilala usingizi. Malaika akamgusa akamwambia ainuke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala tena. Swali la Mungu, “Unafanya nini hapa, Eliya?”, lilimfikia baada ya mwendo wa siku arobaini, akiwa mtu aliyekwisha kulala na kula. Mbingu ilimtazama nabii aliyechoka, ikaona kwamba anahitaji chakula na usingizi kabla ya neno.

Kwa hiyo wiki hii mwambie mtu mmoja unayemwamini, kwa mdomo wako, maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, hasa lile la kutoamka: mchungaji wako wa siku zote au mkewe, dada yako, au mwalimu wa kwaya. Na siku utakayompeleka mzee kliniki, omba nawe uonwe. Hapo hospitali ya Bugando wapo madaktari wa afya ya akili, na ukiona mlima ule ni mrefu, anzia zahanati ya karibu nawe wakuelekeze. Kukosa usingizi kwa miezi na kutamani usiamke ni mambo ambayo daktari anayafahamu kama anavyoifahamu malaria, na yana tiba. Wazo hilo likikujia tena kwa nguvu usiku, usibaki nalo peke yako hadi asubuhi. Gonga kwa jirani, au nenda hospitali usiku huohuo.

Sasa imani yako. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa tunapaswa kuisoma Marko 4, habari ya Yesu kuituliza dhoruba, polepole kuliko watu wa bara. Bahari ya Galilaya inayotajwa pale ni ziwa la maji baridi, tena dogo, kilomita za mraba zipatazo 166 tu; kisiwa cha Ukerewe peke yake, chenye takriban kilomita za mraba 530, kingelimeza mara tatu. Lakini upepo ni upepo, na yeyote aliyewahi kukutwa na dhoruba ya usiku kati ya Nansio na Mwanza hatawacheka wale wanafunzi. Yesu alikuwa amelala katika shetri, sehemu ya nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto. Wakamwamsha kwa maneno ambayo mama yangu angenichapa kwayo kama ningemwambia mkubwa: “Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?” Lawama hiyo ndiyo iliyokuwa sala yao yote; mbegu hawakutoa, wala hawakuambiwa wafunge kwanza ndipo wasikilizwe. Marko anaandika kwamba Yesu aliamka, akaukemea upepo, kukawa shwari kuu, na ndipo akawauliza, “Mbona mmekuwa waoga? Hamna imani bado?”

Ni kweli kwamba Mathayo analitanguliza swali hilo na kuuweka upepo baadaye, nami sitaki kukuficha. Hata hivyo katika Injili zote mbili wenye imani haba walivuka salama, na hakuna hata mmoja aliyetoswa majini kwanza ili imani yake ikue. Mtumishi wako amelichukua swali ambalo Yesu aliwauliza watu waliokwisha okolewa, akaligeuza kuwa nauli. Tena upo mstari mdogo ambao nimeupenda tangu ujana wangu, Marko 4:36, unaosema kwamba vyombo vingine vilikuwako pamoja naye. Waliokuwa katika vyombo vile hawakumwamsha Yesu, na pengine hawakujua hata kwamba amelala, lakini maji yalipotulia yalitulia na kwao.

Kwa hiyo sitakupima imani. Mwanamke aliyesoma aya moja mpaka ukurasa ukaachia amekuwa akimwamsha Yesu kila usiku kwa njia aliyoiweza.

Ila nadhani umeisoma ile aya ya 28 ya Mathayo 11 ukaishia hapohapo, na wengi tunaishia hapo, kwa kuwa ndiyo inayoandikwa kwenye kanga na kwenye vioo vya daladala. Inayofuata inasema, “Jitieni nira yangu, mjifunze kwangu, kwa kuwa mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo, nanyi mtapata raha nafsini mwenu.” Ni jambo la ajabu kumwambia mtu aliyechoka ajitie nira. Mimi nimezaliwa Magu kwa mkulima wa pamba, na neno hilo kwetu halikuhitaji ufafanuzi wa mhubiri. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli baba alikuwa akikaa chini ya mwembe na mti wa nira mapajani, akipitisha kiganja mahali ambapo shingo ya ng’ombe ingekaa, na kila alipohisi kitu kinakwaruza alikikwangua kwa kipande cha chupa, kisha akapitisha kiganja tena. Angeweza kumaliza mchana mzima kwa kazi hiyo, na sisi watoto tulidhani anakwepa kwenda shambani. Nira iliyochongwa vibaya humchubua maksai. Jioni unamkuta shingo imelowa na nzi wametua, na kesho yake analala katikati ya mfuo wa plau asiinuke hata kwa fimbo, watu wakasema amekuwa mvivu. Neno la Kigiriki ambalo Biblia yetu imelitafsiri kuwa “laini”, pale Yesu anaposema nira yake ni laini, hubeba pia maana ya kitu chema, kinachomfaa anayekitumia. Kila nilisomapo nakiona kiganja cha baba kikitafuta mahali panapokwaruza.

Tena nira ya plau huvaliwa na wawili. Maksai kijana asiyejua kazi baba alimfunga na mzee mmoja tuliyemwita Bwana Shauri, mnyama mzito, mtaratibu, ambaye hakuwahi kukimbia hata siku moja, na mzigo wa lile plau kwa kweli alikuwa akiuvuta yeye. Yule kijana alikuwa akijifunza mwendo. Akivuta kwa pupa alijiumiza mwenyewe, na akifuata hatua za mwenzake alifika mwisho wa shamba akiwa bado ana pumzi. “Mjifunze kwangu” niliielewa hapo kabla sijafundishwa kusoma.

Basi tuitazame shingo yako. Una deni, na una mume anayeugua. Hiyo ni mizigo ya kweli, na sijaona mahali ambapo Yesu aliahidi kwamba mizigo yote itaondoka ndani ya wiki ya maombi. Juu ya mizigo hiyo, hata hivyo, umevikwa nira isiyokuwa yake: usiku miwili ya kukesha kila wiki, mbegu ya laki mbili, na hukumu ya kila Ijumaa kwamba hujaamini vya kutosha. Hiyo ndiyo iliyokuchubua. Katika Mathayo 23:4 Yesu anawazungumzia walimu wanaofunga mizigo mizito wakawatwika watu mabegani, wao wenyewe wasitake kuigusa hata kwa kidole. Ushauri wangu, nami nautoa nikijua kwamba jirani aliyekupeleka pale atakununia, ni kwamba mikesha hiyo uiache. Sipingi mikesha kwa jumla. Nimekesha mara nyingi, na kuna alfajiri nilizotoka kanisani nikiwa mwepesi kama unyoya. Lakini mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani usiku na kuingia ufukoni saa kumi na moja ameshakesha tayari, na Zaburi ya 127, inapowasema watu wanaoamka mapema na kukawia kulala na kula chakula cha taabu, inaongeza kwamba Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Usingizi umetajwa pale kama zawadi. Kwenda kulala saa tatu na nusu ukiwa na madeni kunaweza kuwa tendo la imani kuliko lolote ulilolifanya mwaka huu.

Umenisimulia sana habari za Jumatatu, na Jumapili hukuitaja hata mara moja. Amri Kumi zimeandikwa mara mbili katika vitabu vya Musa, na amri ya siku ya kupumzika imo katika sehemu zote mbili. Katika Kutoka 20 sababu inayotolewa ni kwamba Mungu aliumba kwa siku sita akastarehe siku ya saba, lakini katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni nyingine: wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri, na mtumwa hakuwa na siku yake. Rudi kwenye Kutoka 5 uone Farao alivyowafanyia, alipowanyima majani ya kutengenezea matofali na kuwadai hesabu ileile ya kila siku, na walipoomba ruhusa ya kwenda kuabudu akawaita wavivu. Kausha damu ni wajukuu wa Farao. Anayekudai ana haki ya fedha yake aliyokukopesha, lakini Jumapili yako hakukukopesha yeye. Jumamosi jioni lifunge lile daftari la marejesho, lisukume chini ya sanduku, na usilifungue wala kulisoma kichwani hadi Jumatatu asubuhi. Mara ya kwanza utashindwa. Hesabu zitakujia katikati ya mahubiri, nawe usigombane nazo. Ziambie kwamba zamu yao ni kesho, uendelee kukaa.

Kuhusu deni lenyewe nitasema machache, maana wapo wanaolijua zaidi yangu. Usikope kwingine ili ulipe hapa. Usiende kwa mkopeshaji peke yako. Nenda na mzee wa kanisa au mtu mwenye sauti, ukaombe marejesho yapunguzwe na muda urefushwe, na kabla ya kwenda pita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu umuulize kama mkopeshaji huyo ana leseni, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Na laki mbili nyingine isitoke.

Umeuliza raha hiyo inapatikana wapi, nami nitakujibu kwa jambo lililonipata. Mwaka aliofariki mume wangu nilikuwa nikiwaongoza akina mama kanisani katika maombi, na kwa muda wa mwaka karibu mzima sikuhisi chochote. Nilisema maneno, wenzangu wakalia, mimi nikawa mkavu kama kichanja kitupu. Siku moja jirani yangu, bibi mmoja wa Kikerewe ambaye hakuwa hodari wa kuomba hadharani, aliingia bila hodi, akakaa kwenye kigoda, akachukua ungo wa maharage niliyokuwa nimeyatelekeza, akaanza kuyachambua. Hakuniuliza chochote. Alichambua yote, akayabandika jikoni, akaniambia nikalale yeye atayaangalia. Nililala mpaka magharibi, na nilipoamka mume wangu alikuwa bado ni marehemu na maharage yalikuwa yameiva. Nilikaa kitandani nikajua, bila sauti yoyote na bila kutetemeka, kwamba nilikuwa nimebebwa. Paulo anawaandikia Wagalatia wachukuliane mizigo, na hivyo kuitimiza sheria ya Kristo. Shingo ya pili katika nira mara nyingi huja ikiwa na uso wa jirani, na mtu anayejifanya kwamba hakuna linalomshinda humfungia mlango. Kwaya yenu ina watu wangapi? Je, wanajua kwamba dagaa wako waliharibika? Nina shaka kwamba wanajua umekuwa mtoro wa mazoezi tu.

Usiache kusali, ila badili namna. Ukishindwa kutamka maneno ya shangwe usiyalazimishe, kwa maana zaburi nyingi ni vilio. Ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana atamsahau mja wake hata lini. Ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila aleluya wala shukrani mwishoni, na watu wa Mungu waliiacha hivyohivyo katika kitabu chao cha sala. Soma zaburi moja ya namna hiyo kwa sauti jioni, mume wako akisikia, kisha funga kitabu.

Halafu imba. Nimelihifadhi hili mpaka hapa kwa sababu barua yako ilinifikirisha uliposema kwamba maneno yanamtoka kwa shida na kwamba wewe ni sauti ya pili. Wanaowahudumia wagonjwa wa kiharusi wameshuhudia mara nyingi kwamba mtu aliyepotewa na maneno, hasa yule aliyepooza upande wa kulia, huweza kuimba maneno ambayo hawezi kuyasema, kwa kuwa nyimbo na mazungumzo havitegemei sehemu zilezile za ubongo. Haitokei kwa kila mgonjwa, wala haichukui nafasi ya mazoezi anayopewa hospitali. Waulize wataalamu wake watakavyokuongoza. Lakini chagua wimbo mmoja wa zamani anaoujua tangu utoto, wenye maneno machache, ukae upande wake wa kushoto umshike ule mkono unaomtii, uuanze polepole kwa sauti ya chini, ukifika mwisho wa mstari unyamaze kidogo umwachie neno la mwisho.

Unajua kuliko mimi kwamba mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawatoki, kwa kuwa taa zao haziwezi kushindana na mbalamwezi, na mitumbwi hukaa ufukoni siku kadhaa nyavu zikiwa zimetandazwa. Najua siku hizo huwa unazunguka kutafuta kibarua kingine cha kuziba pengo. Mwezi huu, mbalamwezi ya kwanza itakapofika, usiende popote. Mwombe mwenzako mmoja wa kwaya aje alale kwako ili amgeuze mzee usiku, mpe mzee dawa yake ya jioni, zima taa, ulale. Kisha niandikie uniambie aliishia neno gani katika ule wimbo.